Toleo la Kumi na Moja

Kabla Mwanahamisi hajaanza kazi katika steshenari ya Doris, mafaili ya kompyuta ile yalikaa kama nguo za bweni siku ya kufua. Lilikuwepo "kadi ya harusi", likawepo "kadi ya harusi mwisho", halafu "mwisho kabisa", na moja ambalo Doris, kwa hasira ya umeme kukatika mara ya nne siku ile, aliliita "mwisho wallahi" ingawa yeye ni Mluteri wa kuzaliwa. Lipi kati ya hayo lilikuwa la mwisho kweli, alijua Mungu peke yake. Mwaka 2004 likachapwa lisilo lenyewe. Kadi mia mbili zilikwenda Naliendele zikitaja ukumbi uliokwisha kubadilishwa, na nusu ya waalikwa wakala wali wa harusi ya watu wasiowajua. Inasemekana wali wenyewe ulikuwa mzuri.

Mwanahamisi ndiye aliyeyatia adabu mafaili yale. Alichukua kaunta buku jipya, akapiga mistari kwa rula, akawa anaandika kila mchoro unaoingia: toleo la ngapi, tarehe gani, nani kaligusa, nini kimebadilika. Akapiga marufuku neno "mwisho". Kila faili lilipewa namba, na la zamani halikufutwa mpaka jipya limechomwa kwenye sidii. Doris alimcheka, akamwita karani wa forodha. Baada ya miezi miwili akaanza kujisifu kwa wateja kwamba kwake hakipotei kitu.

Walipendana, tuseme ukweli, ndiyo maana mambo haya yanauma. Doris alikuwa binti wa karani wa bandari aliyehamishiwa Mtwara kutoka Moshi, kazaliwa hapohapo mjini, ana miaka thelathini na moja na sauti ya kusikika mtaa wa tatu. Mwanahamisi alikuwa na ishirini na mitatu, katoka Mahurunga na daftari la michoro ya kalamu ya risasi, na siku ya kwanza aliogopa hata kukishika kipanya. Doris alimshikia mkono juu ya kile kipanya kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika alifu. Walikula sahani moja. Mwezi wa Ramadhani Doris alikuwa akijificha nyuma ya printa kunywa chai, ili mwenzake asitamani. Mwanahamisi alimwita dada Doris, na hakuwa akisema tu, alimaanisha.

Sasa tuje kwa bibi.

Bibi Somoe, mama mzaa mama wa Mwanahamisi, alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kule juu uwandani, enzi ambazo msichana wa Kimakonde hakuolewa mpaka achanjwe nembo. Alichanjwa kwa kisu kidogo, chale zikapakwa mkaa wa mbarika, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ngozi ikainuka na kubaki hivyo maisha yote. Baadaye aliolewa Mahurunga, akasilimu, akalima mihogo na mikorosho, akazika mume. Nembo za usoni kila mtu aliziona. Watoto wa mjini walizoea kuzikodolea macho, naye aliwatolea ulimi. Lakini zilikuwepo nyingine, za tumboni na chini ya kitovu na mapajani, ambazo katika dunia hii aliziona mumewe, basi. Na wanawake waliomchanja, ambao wote wamekwisha kufa.

Mwaka 2005 bibi aliugua, akapona, akamwita mjukuu wake chumbani na kufunga mlango.

"Njoo, nke mwenzangu," alisema. Ndivyo walivyotaniana siku zote. "Hizi nikifa nazo zimekwisha. Mama yako hakuchanjwa, na weye hutachanjwa, na miye sitaki uchanjwe, yanauma mambo haya. Lakini mkono unao. Chora, uweke. Siku moja utamwonyesha binti yako."

Akafungua kanga yake. Mwanahamisi alichora siku mbili, mlango umefungwa. Tumbo lilikuwa limelegea na watoto tisa, lakini mistari ilikuwa imesimama palepale: mnazi unaopanda kutoka kitovuni, mijusi wawili wanaotazamana, safu za pembe zilizopangika kiasi kwamba hata rula isingepata kosa.

"Mwanamume asizione," bibi alisema akijifunga. "Za usoni onyesha hata rais. Hizi hapana."

Mwanahamisi akasema ndiyo, bibi. Na alimaanisha hilo pia.

Kosa lake lilikuwa moja, na lilikuwa kosa la mtu mwenye mpango mzuri. Aliogopa mchwa. Nyumba gani ya Mahurunga isiyojua mchwa? Karatasi ingeliwa, na bibi angekuwa amejifunua bure. Kwake yeye kitu kilichohifadhiwa kilikuwa kile chenye namba, chenye nakala, kilichochomwa kwenye sidii. Skana ilikuwa kwa Doris. Kwa hiyo ilimbidi amwambie Doris.

Walifanya siku ya Ijumaa adhuhuri, wanaume wa mtaa wakiwa msikitini. Doris mwenyewe ndiye aliyefunga mlango na kushusha pazia. Aliposikia habari yote, kuhusu kisu na mkaa na mume, macho yalimlenga machozi, akamshika Mwanahamisi bega. "Mdogo wangu, haya hayatoki humu ndani," alisema. "Mama yangu angenionyesha kitu kama hiki, ningekilalia." Wakaskani michoro kumi na miwili, saba ya uso na mitano ya mwili. Ya uso ikaingia kwenye folda lake na kwenye kaunta buku. Mitano ya mwili Mwanahamisi aliichoma kwenye sidii moja, akaifuta kwenye kompyuta, akamwaga na kapu la taka, asiandike popote. Sidii aliishona ndani ya mto wake.

Hakujua kwamba siku ileile, alipokwenda msalani, Doris alikuwa amekwisha kutoa nakala yake mwenyewe ya ile mitano.

Mwaka uliofuata kampuni moja ya kubangua korosho ikataka kalenda ya 2007, ya kugawa kwa wakulima wa vijijini. Ofisa wao aliitwa Danieli, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, na alitaka kitu cha kienyeji. Doris akamwonyesha nembo saba za uso. Danieli alizipenda mpaka akasahau kukaa. Ingekuwa kalenda ya karatasi moja kubwa ya kubandika ukutani, miezi kumi na miwili, kila mwezi na nembo yake.

"Kumi na mbili," Danieli alisema. "Hapa naona saba."

"Nyingine zipo," Doris alijibu haraka.

Mwanahamisi alimtazama. Danieli alipoondoka, alisema, "Dada Doris, zipo wapi?"

"Si nimesema tu, mdogo wangu. Mteja hajibiwi 'hakuna'." Doris akacheka. "Tutazipata. Hakuna bibi wengine wenye nembo?"

Walikuwepo. Msimbati kulikuwa na vikongwe kadhaa wa Kimakonde waliohamia zamani, nyuso zimejaa chale. Doris ndiye aliyetoa wazo la safari, ndiye aliyempigia hesabu ya siku tatu, na asubuhi ya Jumanne alimsindikiza mpaka kwenye gari. Alimnunulia maandazi sita, akayafunga kwenye gazeti, akampitishia dirishani. "Usirudi bila tano!" alipaza sauti, na kondakta akacheka, na Mwanahamisi akacheka.

Alipata tano. Haikuwa kazi rahisi. Bibi mmoja alitaka kwanza asomewe barua ya mwanawe, mwingine alikataa katakata mpaka akajua jina la bibi yake Mwanahamisi, ndipo akamkalisha na kumpa samaki. Mmoja alikuwa kipofu, akamwongoza mkono juu ya shavu lake mstari kwa mstari. Mwanahamisi alirudi Ijumaa, miguu imejaa mchanga na moyo umejaa furaha, akamwaga karatasi zake mezani.

"Ah, nzuri!" Doris alisema. Akaziskani zote tano palepale, akazipa namba, akaandika mwenyewe kwenye kaunta buku kwa mwandiko wake mkubwa: toleo la 12, nembo za Msimbati zimeongezwa. Wiki iliyofuata alimwambia kwamba sidii imekwisha kwenda Dar es Salaam kwenye kiwanda cha uchapaji. Mwanahamisi hakuuliza lolote. Ya nini kuuliza? Buku lilikuwa limeandikwa.

Kalenda elfu mbili zilifika mwezi wa Desemba. Lori lilizishusha kwenye ghala la kampuni, na siku hiyohiyo zikaanza kutawanywa vijijini pamoja na magunia matupu ya korosho. Steshenari waliletewa kumi. Doris alikuwa ametoka kwenda benki, hivyo Mwanahamisi ndiye aliyefungua bomba la karatasi na kuikunjua moja juu ya kaunta, akaikandamiza pembe kwa stepla na chupa ya gundi.

Januari ilikuwa paji la uso wa bibi. Februari, shavu la kulia. Aliendelea hivyo akitabasamu mpaka Julai. Agosti ilikuwa mijusi wawili wanaotazamana.

Alidhani amechanganyikiwa. Akatazama Septemba, akaona mnazi. Oktoba, safu za pembe. Novemba na Desemba zilikuwa mapaja. Tumbo la bibi yake, tumbo lililozaa watoto tisa, lilikuwa limelala juu ya kaunta kwa wino wa kahawia, na tarehe za mikutano ya wakulima zimeandikwa pembeni kwa mwekundu. Chini kabisa, kwa herufi nzuri zilizolala, palikuwa na maneno: Mchoraji, Mwanahamisi wa Mahurunga.

Halafu akafanya lile alilolizoea, akakaa kwenye kompyuta kutafuta toleo.

Kaunta buku lilikuwa na toleo la kumi, lenye nembo saba, na toleo la kumi na mbili, lenye za Msimbati. La kumi na moja halikuandikwa. Alikuwa hajaligundua pengo hilo, yeye karani wa forodha. Akalitafuta kwenye folda moja hadi jingine, akalikuta limefichwa ndani ya folda la kadi za mwaliko za zamani, zile za "mwisho kabisa". Toleo la 11. Kompyuta haina urafiki na mtu, ilikuwa imetunza tarehe na saa: Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Gari la Msimbati liliondoka saa moja na nusu.

Aliisoma saa ile mara nyingi. Kwa hiyo Doris hakushindwa na muda, hakusubiri akakata tamaa, hakubanwa na mteja mpaka akateleza. Alipokuwa akipitisha maandazi dirishani alikuwa amekwisha kuamua. Safari yote, barua iliyosomwa, samaki, mkono wa kipofu juu ya mkono wake, ilikuwa namna ya kumtoa mtu nje ya chumba. Nembo za Msimbati ziliingizwa kwenye kompyuta ili yeye azione zikiingizwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Mwanahamisi alisikia kuwashwa mwili mzima.

Doris aliingia akipepea bahasha. "Zimefika? Umeona nilivyokuwekea jina?"

"Nimeona."

"Sikukwambia ili ushangae." Halafu akaona ni nini kilichokuwa kwenye kioo cha kompyuta. Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Mwana, nisikilize."

"Ulizipata wapi?"

"Nilitoa nakala siku ile. Kwa sababu ya umeme tu, naapa. Wewe si ndiye uliyenifundisha tusikae na nakala moja?"

"Na Jumanne? Jumanne nayo ilikuwa umeme?"

Sauti ya Doris sasa ilikuwa ya mtu anayemwelewesha mteja mbishi. "Danieli alitaka kumi na mbili kufikia Jumatano, la sivyo kazi inakwenda Dar. Ningekwambia ungekataa. Ni mistari, mdogo wangu. Mistari! Nani anayejua imetoka wapi? Danieli anajua? Mimi Mchagga nikiiona ukutani nitajua ni tumbo la nani?"

"Wanawake wa Mahurunga watajua."

"Wangapi? Vikongwe wawili?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Doris alikuwa akisema kweli kabisa kama yeye alivyoiona kweli, na hilo ndilo lililomtia Mwanahamisi hasira. Angemkuta anaona haya, labda angelia naye.

"Ulifunga mlango kwa mkono wako," alisema. "Pazia ulishusha wewe. Ulilia, dada Doris. Ulikuwa unalia nini?"

"Nililia kweli. Sikuigiza."

"Basi ni afadhali ungeigiza."

Doris akainua uso, na sasa naye alikuwa amekasirika. "Na nani aliyezileta hapa? Mimi nilikwenda Mahurunga kumvua bibi yako nguo? Ungeziacha kwenye daftari lako, ningeziona wapi?"

Mwanahamisi alichukua kaunta buku lake, akaacha ufunguo wa duka juu ya kalenda, akatoka. Doris alimwita mara mbili kwa sauti ile ya kusikika mtaa wa tatu. Hakugeuka.

Aliingia Mahurunga kesho yake kabla ya adhuhuri, akiomba kwa kila dua aliyoijua kwamba lori la korosho liwe limekwama mahali. Halikukwama. Kalenda ya kwanza aliiona dukani kwa Saidi, imebandikwa juu ya pipa la mafuta ya taa, na wanaume wanne wamesimama mbele yake na vibuyu na chupa zao wakisubiri kupimiwa. Mmoja alikuwa ameegemeza kiganja ukutani, juu ya Septemba.

"Kaka Saidi, naiomba hiyo," alisema.

Saidi hakuuliza ya nini. Aliibandua taratibu, akaikunja picha zikiwa ndani, akampa huku akitazama mizani yake. Basi alikuwa amekwisha kuambiwa. Mwanahamisi akabandua nyingine kwenye zahanati na nyingine kwenye ofisi ya mwenyekiti, akazibeba tatu kwapani mpaka nyumbani.

Bibi Somoe alikuwa ndani, ameketi kitandani. Alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu, na juu yake kanga mbili zilizofungwa mpaka shingoni, ingawa joto la siku ile lilikuwa la kuyeyusha mshumaa. Mwanahamisi akapiga magoti, akamwamkia shikamoo. Marahaba ikaja, lakini ilikuja bila utani.

"Zainabu ndiye aliyeniambia," bibi alisema. Zainabu alikuwa jirani, naye kachanjwa, rika lake. "Alisema, Somoe, hebu nenda dukani ukajione. Nikaenda. Wanaume walinipisha njia."

"Bibi, sikuitoa mimi. Yupo mtu mjini, nilimwamini, tulikuwa tunakula sahani moja..." Akaeleza yote, Ijumaa, pazia, sidii ndani ya mto, Msimbati, saa mbili na dakika kumi. Alieleza kwa mpangilio, toleo baada ya toleo, kama alivyozoea kuandika, na akafungua kaunta buku amwonyeshe mahali ambapo namba imerukwa. Bibi hakujua kusoma. Alilitazama tu buku kwa adabu, mpaka mjukuu wake akamaliza na kupumua.

"Umebandua ngapi?"

"Tatu, bibi."

"Na zilizopo ni ngapi?"

Mwanahamisi angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angemkamata. "Elfu mbili," alisema.

Bibi alitikisa kichwa polepole, akihesabu vijiji labda, au wanaume. Nje kuku alikuwa akiparua maganda ya mihogo.

"Huyo Dorisi simjui," alisema hatimaye. "Ukinambia mbaya, nasema mbaya. Lakini hakukosana na miye, kakosana na weye. Miye nilimfungulia kanga ntu mmoja."

"Bibi, nisamehe."

"Nimekusamehe. Umri huu nitabaki na kinyongo nikipeleke wapi? Utakula hapa, utalala hapa, mihogo tutamenya pamoja." Akavuta kanga ya juu, akaikaza chini ya kidevu. "Ila siku yangu ikifika, Mwanahamisi, maiti yangu usiikoshe weye. Wapo watakaonikosha. Weye utakaa nje pamoja na wanaume, maana mmeniona sawasawa."

Mwanahamisi akaitikia ndiyo, bibi. Kisha akasimama, akazichukua kalenda zake tatu, akatoka nje kumwacha azivue zile kanga bila kuonwa.